Tutarudi Hapo

Nianze na ubaya wangu, maana hata nikiuficha mtautambua tu: mimi sina subira. Mtu akinieleza jambo kwa kuzungukazunguka, mwili mzima unaniwasha. Na kazi yangu, jamani, ni kusikiliza watu! Naandika vitabu vya kweli, historia za watu wa kazi. Cha tatu kilikuwa cha madobi wa hospitali kuu, wale wanawake waliofua mashuka ya wagonjwa kabla ya kuja kwa mashine. Mama yangu alikuwa mmoja wao, miaka thelathini na moja. Nikasema nimebahatika, shahidi wangu yuko jikoni kwetu.

Nilimrekodi wiki sita, kila asubuhi, rekoda ikiwa mezani kando ya chupa ya chai. Nilikuwa na daftari la maswali mia moja na ishirini, yote nimeyapa namba. Tabia hiyo niliipata kwa mhariri wangu. Tunamwita Nani Kasema, kwa sababu hayo ndiyo maneno anayoyaandika kwa penseli nyekundu pembeni mwa kila sentensi isiyo na ushahidi. Ukiandika kwamba siku hiyo mvua ilinyesha, atakuuliza nani kasema. Kwa hiyo mimi nilitaka tarehe, idadi na vyeo. Mama alitaka kuzungumza.

Tulipofika swali la mia moja na kumi na sita, Mama akaugua. Aliugua siku nne tu, ya tano tukamzika.

Miezi mitatu sikuigusa ile rekoda. Ndipo Nani Kasema akanipigia simu.

"Ziandike rekodi zote neno kwa neno," akasema. "Na maswali yako pia."

"Maswali yangu ya nini? Msomaji ana shida gani na mimi?"

"Wewe andika."

Nikafura. Mtu mzima, nina vitabu viwili, leo naambiwa ninakili kama mtoto wa shule! Lakini nikakaa, nikavaa visikilizi vya masikioni, nikabonyeza. Sauti ya Mama ikaja karibu mno, mpaka nikageuka kumtafuta.

"Mashuka ya upasuaji tuliyaloweka maji baridi kwanza," alikuwa anasema. "Damu ukiipa maji ya moto, haitoki tena. Kapu la wodi ya watoto lilikuwa linateremshwa saa nne. Sasa siku ile nilipokiona kile kiblanketi chenye ukingo wa njano…"

"Mama, ngoja kwanza," ikaingia sauti nyingine, kali, ya mtu mwenye haraka zake. "Kwa siku makapu yalikuwa mangapi?"

"Sita."

"Haya. Hilo la blanketi tutarudi hapo."

Kiblanketi kipi? Hata sikuwa nakumbuka kwamba alikitaja. Nikaendelea kuandika. Kwenye rekodi ya siku ya tisa akakirudia: "Ule ukingo wa njano niliushona mwenyewe, kwa mkono, nikiwa na mimba ya kaka yako."

Nikasimamisha rekoda. Niliwahi kuwa na kaka, alifariki ana miezi saba, kabla sijazaliwa. Basi, hilo tu ndilo nililolijua. Kwetu hakuwa akitajwa, na mimi tangu utoto nilitamani kuuliza nikaogopa kumtonesha Mama kidonda. Sasa mwenyewe kafungua mdomo, na mimi, bila hata kupumua, nikamuuliza: "Sabuni ilikuwa ya unga au ya mche?"

"Ya mche, mwanangu," akajibu, akanywa chai yake. Mlio wa kikombe unasikika.

Nilihesabu. Mara kumi na saba nimemwambia "tutarudi hapo", na kumi na moja kati ya hizo ni za kiblanketi. Hata mara moja hakunikasirikia. Nililia siku hiyo mpaka kichwa kikaniuma, na nilikuwa najililia mimi na ujinga wangu.

Kesho yake nikaenda kwa mama mdogo, mdogo wake Mama, aliyekuwa akipiga pasi palepale hospitali. Nikaweka rekoda, daftari nikaliacha nyumbani. Nikanyamaza. Loo, ilikuwa kazi, kama kuzuia chafya!

Mama mdogo akanitazama. "Mbona leo huniulizi mwaka? Unaumwa?"

"Sema tu, mama mdogo. Mimi nipo."

Ndipo akasimulia. Mtoto alishikwa na homa, akalazwa wodi ya watoto, ghorofa ya pili, palepale juu ya chumba cha kufulia. Mama akaomba ruhusa akakae naye. Msimamizi akamwambia, juu kuna manesi, wewe una mashuka. Saa nne kapu likateremshwa kama kawaida. Akaanza kuchambua, na kile kiblanketi kilikuwa humo ndani.

"Hakuna aliyeshuka kumwambia," mama mdogo akasema. "Alijua kwa kapu."

Hapo nilishindwa. "Akakifanyaje? Alikifua?"

"Mimi nilikuwa zamu ya mchana, sikuona. Nilimuuliza mara moja akanigeuzia mgongo. Ila kabla hajaugua aliniambia, 'Hilo nitamweleza mwanangu. Ana daftari lake la maswali, yamebaki kidogo. Yakiisha nitamweleza.'"

Yalikuwa yamebaki manne.

Nikarudi nyumbani, nikaandika ile sura, na mwishoni nikaweka maneno ya asubuhi yetu ya mwisho, kama yalivyo:

Dobi: Basi nikakitoa kwenye kapu, nikakishika hivi, halafu nika…
Mhoji: Samahani, huo ulikuwa mwaka gani?
Dobi: Mwaka siukumbuki, mwanangu.
Mhoji: Haya, tutarudi hapo.

Baada ya wiki Nani Kasema akanirudishia karatasi. Nilizoea kuziona zimejaa wekundu. Safari hii alikuwa ameandika mahali pamoja tu, pembeni mwa mstari wa mwisho, maneno yake yaleyale mawili, na neno "Mhoji" kalizungushia duara.

Nikakaa nalo pale mezani, upande aliokuwa akikaa Mama. Kisha nikachukua kalamu, nikalikata, nikaandika: mwanawe.