Nishani Tisini na Saba

Mgeni alipoingia, Elinami alikuwa akijaribu kalamu za mteja, akichora duara kwa kila moja kuona kama wino unatoka. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, dukani kwa laoban Chen, Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla mjini Guangzhou, China, ambako kila mwenye duka huitwa laoban, yaani bosi. Elinami alikuwa mwaka wa mwisho chuoni na alimtafsiria yeyote aliyehitaji, huku akimwomba Mungu ampe mwajiri mmoja kabla viza yake haijaisha.

Mgeni alivaa vazi la gome la mti na kukumbatia ngoma kwapani. Alikuwa na miaka thelathini na minane tangu afariki.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Ndiwe msomi unayejua Kichina?”

Aliitwa Mzee Jaffari, mpiga ngoma wa ufalme mdogo kando ya ziwa. Kasri lilimtuma yeye kwa kuwa wafu hawaombi viza. Alitaka nishani tatu za utumishi uliotukuka na sanaa, ambazo mfalme angewavisha watu watatu siku ya sherehe.

Laoban Chen alimtazama juu ya miwani. “Mia moja,” alisema. “Chini ya hapo, mei you.”

“Anasema hakuna,” Elinami alitafsiri. “Kiwanda hakiwashi mashine kwa nishani tatu.”

“Basi mia. Lakini mwambie marehemu hauziwi bei ya mtalii.”

Laoban Chen aliona hoja hiyo ni ya haki, akapunguza.

Wiki iliyofuata nishani zilifika zikipiga ngoma. Sauti ilitoka ndani ya katoni, ya chini na ya taratibu: ndu, ndu-ndu, tu. Laoban Chen aligeuza moja akitafuta betri, asiione, akasema hatatoza nyongeza.

Mzee Jaffari aliinamisha kichwa kusikiliza.

“Mdundo wangu huo,” alisema. “Niliutunga alipotawazwa babu yake mfalme huyu. Kwenye orodha ya watakaovishwa wameandika kautunga shemeji wa mfalme.”

“Si warekebishe, babu?”

“Orodha imeshapigwa muhuri.”

Elinami alijaribu kumvika moja. Pini ilipita kifuani kama inapita kwenye moshi, nishani ikaanguka. Laoban Chen aliiokota, akaifuta kwa shati. Kisha walibandika majina ya orodha kwenye tatu, nazo zikanyamaza papo hapo.

“Hizi tisini na saba zina wenyewe,” mzee alisema. “Zenyewe zitakuambia. Usiache hata moja kwenye katoni.”

“Nakuahidi, babu.”

Mzee alichukua zile tatu, akaondoka kwa miguu. Alisema ndege humvimbisha vifundo.

Miezi iliyofuata Elinami alitembea na nishani kwenye mkoba, na kila moja ilipaza sauti ilipomkaribia mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya Marie-Claire wa mtaa wa Sanyuanli, aliyempikia kila Mkongomani aliyeugua mbali na mama yake. “Eh, chérie, inaendana na aproni,” alisema, akageuza samaki. Nyingine ilikuwa ya Wangari, aliyewafundisha watoto waliozaliwa Guangzhou nyimbo za kwao kila Jumamosi. Mzee mmoja Mchina aliyepiga zeze chini ya daraja aliipokea kwa mikono miwili na kuendelea na wimbo wake. Hakuna aliyeuliza mfalme ni nani.

Kaka yake Elinami alimtumia gazeti kutoka nyumbani. Shemeji wa mfalme alikuwa pichani na nishani yake bubu, na chini yake imeandikwa: mtunzi wa mdundo wa kifalme.

Oktoba ilibaki nishani moja, na kazi ikapatikana. Jean-Luc, mnunuzi wa majenereta kutoka Lubumbashi, alimchukua amtafsirie kwa siku tatu za maonyesho ya biashara kwenye kumbi za Pazhou. Akizimaliza vizuri, angekuwa wakala wake Guangzhou, na viza angeishughulikia yeye.

Siku ya tatu, bei ikiwa imefika penyewe, mkoba ulianza kudunda.

“Zima simu, mademoiselle.”

“Si simu, patron. Ni nishani. Mwenyewe anapita.”

Mwanamke mwenye deki alikuwa akielekea kwenye lifti ya mizigo.

“Atapita kesho.”

“Leo ndiyo siku ya kufunga maonyesho. Na niliahidi.”

“Uliahidi nani?”

“Marehemu mmoja.”

Jean-Luc aliangalia saa. “Huyo ana muda. Mimi sina. Ukitoka, usirudi tena.”

Elinami alimtazama, akaweka kikokotoo mezani taratibu, akatoka mbio.

“Ayi,” alisema kwa Kichina, kama anavyoitwa shangazi yeyote, “hii ni yako.”

Mwanamke alikausha mikono kwenye suruali, akaigeuza nishani. “Inashika kutu?”

“Sijui, Ayi.”

“Basi nitaifuta,” alisema, akaibandika kwenye sare.

Mkoba ulinyamaza. Kule nyuma Jean-Luc alikuwa akimwonyesha muuzaji tarakimu kwa vidole. Mwanamke akaendelea kupiga deki, ndu, ndu-ndu, tu, bila kuruka hata kigae kimoja, na Elinami akamshikia ndoo hadi kwenye lifti.