Sura ya Mwisho Iko Kiunoni kwa Wifi

Barua ilianza kwa sifa, na fundi cherehani akajua hapo hapo kuna kisu kinakuja nyuma yake. Watu wa ofisi hawasifu bure.

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa hakukubali nguo itoke dukani kwake na pindo lililokwenda upogo, hata mwenye nguo awe anasubiriwa makaburini. Kwa miaka mitatu, kati ya mteja na mteja, alikuwa ameandika riwaya. Binti wa duka la kuchapa akaipiga chapa, ikatumwa kwenye Tuzo ya Waandishi Wanawake wa Nchi Zinazoendelea, na sasa ilikuwa miongoni mwa tano za mwisho.

"Majaji wameguswa mno," barua ilisema. "Hata hivyo, kwa kuzingatia ubora wa kazi, na elimu ya mwandishi ambayo ni darasa la saba, wanaomba kuuona mswada wa awali ulioandikwa kwa mkono. Mjumbe wetu atafika Ijumaa. Mswada usipoonekana, jina litaondolewa."

Kwa Kiswahili cha nyumbani: mwizi wewe.

Neno hilo hakuanza kulisikia leo. Darasa la sita mwalimu aliinua insha yake juu kama panya aliyeshikwa mkia, akauliza, "Huyu kaiba wapi hii?" Darasa likacheka. Miaka thelathini na moja imepita, na Mama Pindo bado angeweza kukutajia waliocheka, dawati kwa dawati, akianza na aliyetangulia. Mwanamume wa kwao majaji akiandika kitabu kibovu, huulizwa atatoa kingine lini. Mwanamke wa kwetu akiandika kizuri, huulizwa kakitoa wapi. Tuzo wangeweza kumpa wamtakaye. Ila kuitwa mwizi mara ya pili, hapana.

Mswada ulikuwepo. Shida ni mahali ulipokuwa. Daftari nyumbani kwake halikai, watoto wanalo kabla halijafunguliwa, kwa hiyo alikuwa ameandika kwenye kitu kilichokuwa mbele yake siku zote: mgongoni mwa zile karatasi za kaki anazokatia nguo za wateja. Kila mteja alikuwa na furushi lake kwenye msumari, kipande cha mbele, cha nyuma, mikono na kola, na vipimo vyake juu kwa kalamu ya risasi. Na vipimo vya mteja ni siri. Fundi anayetangaza inchi za watu ni sawa na daktari anayetangaza majipu.

Akapita nyumba hadi nyumba kuomba ruhusa. Wateja thelathini na tisa walikubali. Wa arobaini alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na yeye ndiye aliyebeba sura ya mwisho.

"Kiuno changu kisomwe na majaji? Thubutu!"

"Wifi, hawatasoma kiuno. Watasoma nyuma yake."

"Nyuma yangu ndiyo kabisa!"

Ijumaa wifi aliwahi dukani kuliko mwenye duka, mlango ulipofunguliwa tu akalinyakua furushi lake msumarini, akaketi nalo kifuani kama kuku juu ya mayai. Mkunga mstaafu, mteja wa kwanza wa Mama Pindo, naye alikuja. Alisema amepita tu. Alikuwa amevaa gauni la sikukuu.

Mjumbe akaingia na kompyuta ndogo, glavu nyeupe na kitambulisho shingoni. Mama Pindo alikuwa ametandaza kitabu chake juu ya meza ya kukatia, kikafika sakafuni.

"Mama, mbona karatasi hizi zina... mikono?"

"Hiyo sura ya nne. Anza na wa kushoto."

Mjumbe akainama. Mistari ilikwenda ikizunguka makwapa, ikibanana penye shingo, ikitanuka penye hipsi. Mkunga akachungulia begani kwake.

"Fundi, yale mapenzi ya kitabuni yapo kwenye mgongo wangu?"

"Ndiyo, Bi Mkunga."

"Yote?"

"Yalizidi. Mengine yako kwenye kola."

Mkunga akaketi, akajipepea kwa ncha ya mtandio, uso umejaa fahari.

Mjumbe alisoma nusu saa nzima, kisha akavua glavu. "Mwandiko ni wako, hilo naliona. Lakini utanisamehe, mama. Kitabu kilishachapwa. Nitajuaje kwamba hukukaa wiki hii ukayanakili yote humu baada ya kupata barua yetu?"

Mama Pindo alifungua kinywa, neno likakosekana. Mtu aliyepanga maneno sabini elfu, akabaki ameshika mkasi tu.

"Umesemaje?" Huyo alikuwa wifi, ambaye sasa alisimama.

"Ni utaratibu tu, dada..."

"Utaratibu wa kumwita wifi yangu mwizi? Sikiliza wewe mwenye glavu. Wifi yangu mjeuri, anajua. Ana mdomo, anajua. Chumvi anatia mara mbili, mtaa mzima unajua. Hayo nayasema mimi, nina haki, kaolewa kwetu! Wewe umeolewa na nani hapa?" Akalibwaga furushi mezani. "Soma!"

"Wifi, si lazima," Mama Pindo alisema.

"Nyamaza. Na hii mikanda iliyobandikwa pembeni, mwambie ni ya nini. Au niseme mwenyewe?"

Mama Pindo akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mteja akiongezeka, fundi hakati karatasi mpya. Hubandika ukanda pembeni kwa gundi, upana wa inchi alizopata.

"Iko mitatu," wifi akamalizia, akitoa simu. "Na maneno yanapita chini ya yote mitatu, macho unayo. Ukanda wa kwanza, harusi ya shemeji yake huyu fundi. Picha hii, tarehe hiyo hapo. Wa pili, nilipokwisha kujifungua. Picha hii. Wa tatu... wa tatu sikujifungua. Nilishiba. Picha hii, mwaka jana mwezi wa pili. Haya sema, alinakili wiki hii akayapitisha chini ya unene wangu wa mwaka jana?"

Mjumbe aliukwangua ukanda wa tatu kwa ukucha, taratibu. Chini yake sentensi iliendelea na safari yake. Akakwangua wa pili. Ikaendelea. Alipofika chini ya wa kwanza alikuta nukta, na akabaki ameinama pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kuitazama nukta.

"Nimeridhika," alisema, akipangusa macho. "Nitawaarifu majaji." Akafunua kompyuta.

"Hiyo funga," Mama Pindo alisema. Sauti ilikuwa imerudi. "Mashine inaandika kila kitu, hata uongo. Nitajuaje kwamba maneno ni yako? Andika kwa mkono, mbele yetu."

"Mama, utaratibu..."

"Wa kwenu tumeufuata. Huu wa kwetu."

Akakata kipande cha kaki, kingo zimenyooka kama rula, akampa na kalamu ya risasi. Mjumbe akaketi kwenye kigoda cha wateja, akaandika, wanawake watatu wakimpumulia kisogoni.

"'Nimeuona mswada,'" mkunga alisoma. "'Ni kazi yake mwenyewe.' Haya. Na samahani iko wapi?"

Mjumbe akaandika samahani.

"Hiyo ya majaji," Mama Pindo alisema. "Ya kwako je?"

Akaandika nyingine, kubwa zaidi, akatia sahihi. Mama Pindo akaichukua, akasimama katikati ya duka lake, akaisoma kwa sauti kutoka mwanzo, polepole, kama mtu anayesoma mbele ya darasa zima.

"Na mimi?" wifi aliuliza. "Shahidi nimeandikwa wapi?"

Mjumbe akaipokea tena karatasi. "Niandikeje, dada?"

"Andika wifi yake alikuwepo. Inchi waachie wenyewe wakisie."