Gurudumu la Kamongo

Yule mtamba hakuwa wa Wanzagi. Naanzia hapo, kwa sababu watu wakihadithia habari hii wanaanzaga na magari, wanacheka, na mwisho wake ng'ombe wangu anakuwa kichekesho.

Binti yangu Nyangi alipoolewa Murangi, walileta ng'ombe wa mahari, na mmoja wao alikuwa wa mama. Ndivyo kwetu. Wengine wanaingia zizini kwa wanaume, lakini ng'ombe wa mama anatajwa mbele ya watu na hakuna anayemgusa bila kumwuliza mama. Wangu alizaa mtamba mwekundu, tumbo jeupe kama amekanyaga maziwa akalala humohumo. Huyo ndiye aliyekuwa aende Butiama, kwa wazazi wa Eufrasia, ili mwanangu Stanislausi aoe. Mahari nyingine ilishapelekwa. Walikuwa wanamngoja huyo tu, na mzee Nyamburi, baba yake Eufrasia, alishatuma neno kwamba akikosekana mpaka mavuno, binti anakwenda kwa mtu mwingine.

Mume wangu alishakufa. Mtamba alikuwa zizini kwa shemeji yangu Wanzagi, hapahapa Buhare, kwa kuwa mimi sikuwa na zizi.

Mwaka wenyewe ni ule sabuni zilikuwa zimerudi madukani. Tulishakaa miaka tunafulia majivu na majani ya mpapai, mara ghafla kila kitu ruksa: sabuni, mitumba, redio, na video. Video aliileta Felisian. Huyu alipotea Mwanza muda mrefu, akarudi na suruali ya mistari, televisheni, deki na jenereta. Akapewa ghala la pamba la ushirika, ambalo lilikuwa tupu, pamba yetu ilishachukuliwa na malipo hatukuyaona. Ukikaa mle ndani bado unasikia harufu ya magunia, na mbegu za pamba zinakuchoma matakoni.

Hakuleta picha za ngumi. Alileta mashindano ya magari ya Japani.

Yalikuwa magari ya mtu mmoja mmoja, hayana paa, magurudumu yote manne yamechomoza nje kama miguu ya kaa. Dereva amelala ndani, unaona kofia tu. Yanalia kama nyuki waliochokozwa. Felisian alitueleza kwamba ni mashindano ya mwaka mzima: wanashindana hapa, wanahamia pale, kila mahali wanapewa pointi, na mwisho anayezidi wenzake ndiye bingwa wa Japani. Kaseti, alisema, inatoka Japani kila mchezo ukiisha, inafika Mwanza, rafiki yake anaipakia basi hadi Bunda, na yeye anaifuata Bunda. "Bado ya moto," anasema, anaigusa kama mtu aliyeshika kiazi.

Tuliamini. Kwa nini tusiamini? Gazeti nalo lilikuwaga linatufikia limechelewa, na bado lilikuwa gazeti.

Basi Jumapili baada ya misa, ghala linajaa. Mimi nilikuwa nakaanga samaki mlangoni, na Felisian akawa ananiingiza kwa samaki. Majina ya madereva hatukuyaweza, tukawapa ya samaki wa ziwani. Mweupe mwenye mkia mwekundu tukamwita Sangara, maana alikuwa anakula wenzake. Mweusi alikuwa Kamongo: hana haraka, lakini akishika hakuachii. Na kulikuwa na kijani kidogo, kila mara wa mwisho, tukamwita Furu. Jeska wa kwaya alimpenda Furu mpaka akamwashia mshumaa kanisani.

Mchezo wa kwanza ulikuwa Suzuka, mahali ambapo barabara inapanda daraja na kujipita yenyewe juu. Kabla hawajaanza, wasichana walisimama kando ya magari na miamvuli.

"Mvua haijanyesha," akasema Jeska. "Hao wanajikinga nini?"

"Wanakinga gari lisipauke," akajibu Bernado, mvuvi. "Gari la watu hilo, siyo kama mume wako."

Ukaja mchezo wa Fuji, mvua tupu, magari yanarusha maji hadi huoni aliye mbele, na mlima umejificha nusu. Sangara aliteleza pale, akazunguka kama pia. Kamongo akapita taratibu, akashinda. Ukaja mwingine, na mwingine. Felisian alisimama kando ya televisheni na fimbo, akitafsiri Kijapani ambacho hakukijua. Mtangazaji anapiga kelele, naye anasema, "Anasema Kamongo ana hasira leo." Tunapiga makofi.

Ikabaki Suzuka tena, mchezo wa mwisho. Kamongo alikuwa amemzidi Sangara pointi nyingi. Hata akifika wa tano, ubingwa ni wake. Buhare nzima ilikuwa Kamongo, na Wanzagi ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Ndipo Felisian akamwambia kilabuni, mbele ya pombe, "Mimi nashika Sangara. Kama wewe ni mwanamume, weka kitu. Mimi naweka baiskeli yangu."

Wanzagi akaweka mtamba wangu.

Sikuambiwa. Jumapili ile nilikaa mstari wa pili, nikamwona shemeji yangu anatoka jasho, nikadhani ni joto la watu. Magari yakaondoka. Sangara mbele, Kamongo wa tatu, ametulia. Wakazunguka, wakazunguka. Kamongo anaukaribia mteremko wa kwenda chini ya daraja, na Felisian akatikisa kichwa, akasema, "Masikini, gurudumu la nyuma hilo!"

Tukaangalia. Magurudumu yote manne yapo. Bernado akageuka: "Mbona lipo?"

Felisian akakohoa. Kamongo akaingia chini ya daraja, akatoka upande wa pili, na hapo ndipo gurudumu la nyuma likachomoka. Lilikwenda lenyewe majanini, likidundadunda, halina habari na mtu. Ghala lilipiga kelele hata jenereta halikusikika. Wanzagi alishika kichwa. Sangara akawa bingwa wa Japani, na Furu, kwa kuwa wengi walishaharibikiwa, akamaliza wa sita. Jeska alicheza.

Kesho yake asubuhi nilikuwa napara samaki. Nikamwona Felisian anapita na kamba, Wanzagi nyuma yake ameangalia chini. Nikawafuata na kisu mkononi, magamba yamenijaa mikononi. Nikakuta mtamba wangu anafungwa shingoni.

"Shemeji, huyo anakwenda wapi?"

Felisian ndiye aliyejibu, kwa upole wote: "Mugeta, mama, kwa wakwe zangu. Tulishindana kiume, shemeji yako akashindwa. Mambo ya wanaume haya."

"Ng'ombe wa nani?"

"Mama Nyangi," Wanzagi akasema, "tutaongea nyumbani."

Nikasimama na kisu changu. Kichwa kilinitulia, ndivyo ninavyokuwaga nikikasirika sana. Nikaliona lile gurudumu, linakwenda majanini. Nikaisikia sauti ya Felisian. Sauti ilikuja kwanza. Gurudumu likaja baadaye.

Nikapiga yowe la ng'ombe.

Kwetu kuna yowe la msiba, kuna la moto, na kuna la ng'ombe aliyeibwa, nalo lina mlio wake, linaanza juu na kukatwakatwa. Ukilisikia unaacha jembe, unaacha nyavu, unaacha hata mgonjwa. Asiyetoka anatozwa. Na anayelipiga kwa uongo anatozwa zaidi. Wanawake hawalipigi ovyo. Mimi nililipiga mchana kweupe, mbele ya mtu aliyeshika kamba, na nikalirudia.

Walikuja. Wakatoka mihogoni, wakatoka ziwani na suruali zimekunjwa, na Matiko, kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, akaja na upinde. Akaangalia huku na huku kutafuta nyayo.

"Mwizi amekimbilia wapi?"

"Hajakimbia. Huyo hapo."

Felisian akacheka. "Kamanda, nimeshinda kwa haki. Mwulize Wanzagi."

Matiko akanigeukia, uso umekunjamana. "Mama Nyangi, ng'ombe kaibwa, au kaliwa kamari? Yowe siyo wimbo."

"Najua siyo wimbo. Ngoja niulize watu swali moja, halafu unitoze. Nani alikuwa video jana?"

Wote walikuwepo. Hata Matiko.

"Gurudumu la Kamongo lilichomoka kabla ya daraja au baada?"

"Baada!" wakajibu pamoja.

"Felisian alilililia wapi?"

Bernado akatema mate chini. "Kabla. Alililia kabla. Mimi nilimgeukia nikamwambia mbona lipo."

"Macho yangu mepesi," Felisian akasema.

"Mepesi kupita gurudumu lenyewe?" akauliza Jeska, watu wakacheka. Lakini Matiko hakucheka. Alisogea karibu na Felisian, na yule mtu, badala ya kunyamaza, akataka kujitetea.

"Jamani, mnanionea. Kosa langu liko wapi? Mashindano yenyewe yalikwisha zamani! Kaseti zote nilizikuta sandukuni Mwanza, ndani ya pikapu kuukuu iliyotoka Japani. Miaka mitatu hiyo! Hata Wajapani wenyewe wameshasahau."

Jeska akapenya watu mpaka mbele yake.

"Umesemaje?" akauliza Jeska taratibu. "Furu... ameshafika?"

"Alishafika, dada. Zamani."

"Mimi nimefunga kula Ijumaa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufika nyumbani kwake akaoga?" Akavua kandambili. Wanaume wakamzuia, lakini hawakumzuia kwa nguvu.

Matiko akaifungua kamba shingoni mwa mtamba kwa mkono wake. Akasema anayecheza mchezo ambao mwisho wake anaujua hachezi, anaiba. Yowe lilikuwa la kweli. Felisian atatoa mbuzi kwa waliokimbilia yowe. Watu wakaitikia. Wangeweza kuondoka hapo, wakanisifu, mambo yakaisha. Wanzagi mwenyewe alishainua uso.

"Unaona, shemeji? Nilidanganywa. Nipe kamba, nimrudishe zizini. Jumamosi nitampeleka Butiama mwenyewe."

Nilikuwa sijamaliza. Nilikuwa sijaanza.

"Felisian alikudanganya juu ya gari," nikamwambia. "Juu ya ng'ombe nani alikudanganya? Ulikuwa hujui ni wa nani? Ulikuwepo siku anatajwa mama yake, ulikula nyama."

"Shemeji, watu..."

"Waache wasikie. Na kama Kamongo angeshinda, baiskeli ungeileta kwangu?"

Akafungua mikono, akaifunga. Hakuna aliyemsaidia. Hata Matiko alianza kukagua uzi wa upinde wake.

"Kamba hii huishiki tena," nikasema.

Sikungoja Jumamosi. Nilinawa magamba, nikavaa kitenge cha kanisani, nikamshika Stanislausi mkono mmoja na kamba mkono mwingine, tukaondoka. Tulilala Makutano kwa mwanamke wa jumuiya yetu, mtamba akala majani mazuri pale. Njia nzima watu walisimama kutuangalia, kwa sababu ng'ombe wa mahari wanapelekwa na wanaume, na mwanamke anabaki nyumbani akipika. Stanislausi aliniomba nimpe kamba tukikaribia watu. Sikumpa. Alikuwa mwanangu, lakini alikuwa mwanamume, na wiki ile sikuwa na mwanamume wa kumpa kamba.

Butiama tulikuta wazee wamekaa uani. Mzee Nyamburi akainuka, akaangalia nyuma yangu njiani, akitafuta msafara.

"Mama, karibu. Wanaume wenu wako wapi? Wamekufa?"

"Wapo. Wanaangalia magari."

Hakuelewa, na sikumweleza. Akamzunguka mtamba, akampapasa mgongo, akamtazama meno, akaridhika. Akanyoosha mkono apokee kamba. Nikampita. Mama yake Eufrasia alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, unga bado mikononi. Nikamwekea kamba kwenye kiganja, nikamfunga vidole vyake juu yake.

"Huyu ni wa mama," nikasema mbele yao wote. "Ametoka kwa mama, ameingia kwa mama."

Mzee Nyamburi akafungua mdomo. Nikamwangalia. Akaufunga.