Shokapu za Kilo Tisini

Mke mwenzangu ana magurudumu mawili. Alinitangulia katika maisha ya mume wangu, hapiki, hafui, hajawahi kumpelekea mtu maji ya kuoga, na bado kila Jumamosi yeye ndiye anayepanguswa kwa kitambaa laini mpaka ang'ae. Ni pikipiki ya zamani ambayo mume wangu aliiunga mwenyewe enzi za ujana: tanki la huku, injini ya kule, usukani mrefu kama pembe za ng'ombe, na kiti cha watu wawili alichokishona kwa mkono wake. Ukimwuliza ni pikipiki ya aina gani, anakunja uso kana kwamba umemtukania mtoto. "Ni ya aina yake," anajibu, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Mimi nimekalia kiti kile miaka nenda miaka rudi. Nilikuwa mwanamke mnene, sina haja ya kuficha, mnene wa kuonekana tangu mwanzo wa mtaa, na mume wangu alikuwa hakosi neno. "Mama, inama mbele, gurudumu linapaa." "Mama, leo askari watatutoza ushuru wa lori." Nami namtwanga kofi la mgongo, namwambia aliyeutaka mzigo asilalamikie mabega, safari inaendelea. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu. Wengine wanaandikiana mashairi, sisi tulikuwa tunatukanana kwa adabu.

Halafu nikaugua. Sitawachosha na habari za hospitali. Nilipasuliwa tumbo, nikapewa dawa kali, nikalala sana, na nilipoinuka nguo zangu zote zilikuwa za mtu mwingine. Daktari akasema nimepona. Mume wangu naye alikuwepo akisikia, lakini masikio yake sijui aliyaacha wapi, maana tangu siku ile alinigeuza yai. Nikishika kikombe, "Pole mke wangu, lete nikushikie." Nikikohoa, pole. Nikipiga chafya, pole. Nikimchokoza, anatabasamu kama mtu aliye msibani, kisha anatazama chini. Mwaka mzima hakunitania hata mara moja. Chekeni mkitaka, lakini jambo lile liliniuma kuliko kidonda. Niliona nimerudi nyumbani na muuguzi, mume wangu nimemwacha wodini, na sikuwa na haja nyingine duniani ila yule mtu anikosee adabu walau siku moja.

Badala yake akaanza kununua shokapu.

"Nitakupandisha tena," aliniambia, "lakini si kwa shokapu zile kuukuu. Zile ukipita shimo, meno yanagongana." Kweli zilikuwa zimechoka, zinavuja oili, springi zimelala. Basi vifurushi vikaanza kuingia nyumbani kimoja kimoja: shokapu mbili za nyuma zinazong'aa, springi mpya za mbele, sili za mpira, oili nzito, matairi mapana. Vyote vikapangwa kwenye meza ya chakula. Tukawa tunakula wanne, mimi, yeye na shokapu mbili. "Ona hii pete, mama," alinionyesha, sauti ya chini kana kwamba mtoto amelala. "Unaikaza au unailegeza kufuatana na uzito wa mtu. Ukishapatia, mtu anakaa kama yuko kwenye godoro." Nikavutiwa, nikataka kuuliza. Akaniwahi. "Harufu ya oili haikusumbui? Pole." Nusura nimpige na sahani.

Jumamosi moja akaja wifi yangu, dada yake mume wangu, mwanamke ambaye Mungu alipogawa midomo alipanga foleni mara mbili. Hata kuketi hakuketi.

"Wifi, una habari kwamba kaka ana mwanamke gereji?"

"Mwanamke gani?"

"Mnene hasa. Amekaa nyuma kwenye pikipiki yenu, katulia tuli. Na amevaa mtandio wako wa kijani."

Mtandio wangu wa kijani nilikuwa nikiutafuta tangu juzi yake. Nikavaa viatu. Wifi alikuwa ananifuata nyuma anacheka peke yake, na mimi kwa hasira sikumwuliza anacheka nini.

Gereji ni ya fundi mmoja tunayemwita Fundi Taratibu, kwa sababu tangu azaliwe hajakimbilia kitu. Akikaza nati moja, anakaa kwanza anaitazama, ndipo ashike ya pili. Paa ni la bati, sakafu imekuwa nyeusi kwa oili, na ukutani spana zimetundikwa kwa ukubwa, ya kwanza kama kidole, ya mwisho kama mguu wa mtoto. Tukasimama mlangoni nyuma ya matairi yaliyorundikwa, tukachungulia.

Mume wangu alikuwa juu ya pikipiki, ameshika usukani. Nyuma yake, palipo mahali pangu, palikuwa na viroba viwili vya mchanga, kimoja juu ya kingine, vimefungwa kamba. Kiroba cha juu kilikuwa kimeviringishwa mtandio wangu. Fundi alichuchumaa pembeni na futi ya kupimia. Na mume wangu alikuwa anakisemesha kile kiroba.

"Mama, kaa vizuri. Ukiegemea hivyo tairi litaomba talaka."

Fundi akacheka. Mume wangu akajirusharusha kwenye kiti kujaribu springi.

"Usivute pumzi, mama, fundi anapima! Mwanamke gani huyu? Ukipanda wewe, barabara ndiyo inayoshuka!"

Wifi alishika ukuta asianguke kwa kicheko. Mimi machozi yalinitoka. Ile ndiyo sauti niliyoitafuta nyumba nzima mwaka mzima, kumbe maneno bado anayo tele, anamgawia mchanga. Nimewahi kuwaonea wivu wanawake wawili watatu katika maisha yangu, lakini kiroba, jamani, kilikuwa cha kwanza.

Nikaingia. "Endelea, baba. Msitiri mwenzio na vumbi."

Aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Mke wangu! Umetembea mpaka huku? Pole, ngoja nikutafutie..."

"Ukinipa pole nyingine hapa, nachukua ile spana kubwa."

Fundi aliikazia macho futi yake kana kwamba imeandikwa habari mpya. Kisha, taratibu, akasema, "Shemeji, umekuja wakati mzuri. Mchanga ni mchanga tu. Panda mwenyewe tupime."

"Hakuna haja," mume wangu akadakia, haraka mno. "Tumeshapima. Fundi, tumeshapima, au siyo?"

"Kaka, una nini wewe?" wifi akauliza.

Viroba vikashushwa. Ilibidi washikane wawili kwa kila kimoja, na nikaona jinsi walivyohema. Nikapanda. Fundi akaweka futi kutoka kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma mpaka alama ya chaki chini ya kiti. Akatazama. Akapima tena. Akakaa chini kabisa, akaitazama ile chaki.

"Mzee, hebu panda na wewe."

Mume wangu akapanda.

"Mh," fundi akasema. "Nyuma haijazama. Imekaa kama hakuna abiria. Shokapu ikishasetiwa kwa mtu mzito, mtu mwepesi akiikalia ni kama amekalia benchi. Mkipita tuta la kwanza tu, shemeji anaruka juu. Mzee, abiria uliniambia kilo ngapi?"

Mume wangu aliinamia usukani, akaanza kuupangusa kwa kiganja.

"Uliniambia tisini. Shemeji, samahani sana kukuuliza, wewe una kilo ngapi?"

"Hamsini na nane," nikasema.

Wifi aliacha kucheka.

Sasa mtu mwingine angedhani alikosea kukadiria. Mume wangu? Mtu anayetazama nati kwa mbali akakutajia spana yake? Yule hakadirii. Alishuka kwenye pikipiki, akasimama ametupa mgongo, anajifuta mikono ambayo haikuwa na oili.

"Tisini ndizo kilo zake," akasema.

"Zilikuwa, mzee," fundi akajibu kwa upole.

"Usilegeze. Acha hivyo hivyo. Atarudi. Na akirudi, akute mahali pake pako vile vile."

Najua mwanamke mwema angeshuka hapo akamkumbatia. Mimi niliungua kwa hasira. Nilikuwa bado nimekalia kile kiti kigumu, nikampa vidonge vyake pale pale mbele ya dada yake.

"Arudi nani? Mimi si huyu hapa? Mwaka mzima unamngojea mwanamke mwingine, na mimi napita mbele yako asubuhi mpaka jioni hunioni. Yule wa kilo tisini unamvisha mtandio wangu, unacheka naye, unamwambia barabara inashuka. Mimi unanipa pole! Kilo zikirudi, karibu zao. Zisiporudi, zimekwenda. Lakini aliyetoka hospitali ni mimi, hakuna mwingine atakayekuja. Nipime mimi!"

Wifi, ambaye sijawahi kumwona amekosa neno, alisema moja tu. "Kaka, mpime mkeo."

Mume wangu aligeuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Unakumbuka nilikwambia nini walipokuwa wanakusukuma kukuingiza kupasuliwa?"

"Nakumbuka."

"Nilikwambia uwaombe wakupunguze na nyama za kiunoni, maadam wameshaandaa visu." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Mlango ukafungwa. Nikakaa nje nikijiambia, asipotoka, neno la mwisho alilosikia kwa mumewe ni upuuzi ule. Tangu siku hiyo nikitaka kukutania, ulimi unakuwa mzito. Naogopa, mke wangu. Naogopa lisije likawa la mwisho."

Mimi hilo sikulijua. Mwaka mzima ndani ya nyumba moja, na sikulijua.

"We mjinga," nikamwambia, "mle ndani niliingia nacheka. Nesi aliniuliza, mama, una nini? Nikamwambia nina mume mwehu. Ndivyo nilivyolala. Wenzangu wote mle walikuwa wanalia kwa hofu, mimi nimelala nacheka."

Alimnyang'anya fundi spana, akapiga magoti kwenye oili na suruali yake safi, akaanza kulegeza pete za shokapu, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mimi nilikaa vile vile juu. Kila alipolegeza, nilihisi kiti kinashuka kidogo chini yangu, na fundi anapima, na wifi anasoma futi kwa sauti kama mwalimu wa hesabu. Mpaka Fundi Taratibu akasema, "Hapo. Hapo hapo, usiguse tena." Akakaa, akaitazama kazi yake. Mbele nako alipunguza kidogo oili, akafunga.

Tukaondoka, wifi tukimwacha anampangia fundi namna ya kufagia gereji yake.

Sina namna ya kuwaeleza raha ya shokapu iliyopimwa kwa ajili yako. Tuta la kwanza mume wangu alilikaribia kwa woga mpaka tukapitwa na mwanamke aliyebeba kuni. Nikamgonga begani, pita basi! Akapita. Nyuma ilizama, ikainuka, ikatulia, na kovu langu halikusema lolote. La pili hakupunguza mwendo. Nilisikia mabega yake yanalegea mikononi mwangu.

Kuna kilima kikali kabla hujafika kwetu. Tulipofika katikati, akasimama.

"Mama, shuka."

"Nini?"

"Injini imechoka. Mmoja inabidi ashuke atembee, na dereva hawezi."

"Injini gani imechoka? Kilima hiki pikipiki hii imekipanda miaka yote na kilo tisini nyuma!"

"Ilikuwa inakuogopa. Shuka, mama, unatuchelewesha."

Injini ilikuwa inanguruma bila kasoro, na mimi si mtoto. Ulikuwa uongo mtupu, wa mchana kweupe, kutoka kwa mwanaume ambaye asubuhi ile ile hakutaka ninyanyue birika. Nikashuka. Nikamsema yeye, nikamsema dada yake, nikaisema na pikipiki, naye akatia gia akanipita, akaenda kusimama juu kabisa, ameegemea usukani, ananitazama.

Nikapanda. Jasho likanishuka, nikasimama mara mbili kuvuta pumzi, na mara zote mbili hakushuka kunifuata. Alikaa pale pale, ananingoja, na nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja mpaka mpita njia mmoja akanisalimia kwa wasiwasi. Nilipokuwa nimebakiza hatua chache kumfikia, akapiga honi.

"Sogea pembeni, mama," akasema. "Umeziba njia."