Breki za Mume Wangu

Mimi baiskeli sizipendi. Nalisema hilo mapema asije mtu akadhani nasimulia haya kwa mapenzi ya mchezo. Nimeolewa na mwendesha baiskeli, na ukiolewa na mtu wa namna hiyo utajua habari za minyororo na gia upende usipende. Kazini mume wangu ni karani wa ghala la vyuma, mpole, shati limechomekewa vizuri. Asubuhi kabla ya kazi na siku za mapumziko anageuka mtu mwingine, kaptula ya kubana na miguu iliyonyolewa, na huyo wa pili ndiye aliyenikosesha raha.

Msimu wa mvua uliopita alianguka kwenye mteremko wa kuingia mjini. Breki zake zilikuwa zile za kawaida za ringi, vipande vya raba vinavyobana ukingo wa gurudumu. Ringi ikilowa, raba huteleza kwanza ndipo ishike, na siku hiyo ilichelewa kushika. Alivunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, akachubuka kuanzia nyonga hadi goti, na fremu ikapasuka. Nilimlisha kwa kijiko. Nilimwogesha na kumvalisha. Kila alipojigeuza kitandani alilia, mtu mzima na ndevu zake, nami nikalia naye.

Kwa hiyo alipopona akaanza kuzungumzia baiskeli mpya, sikumkataza. Kumkataza ni kutwanga maji kwenye kinu. Nilimpa sharti moja tu, iwe na breki za diski. Na haki ya kutoa masharti nilikuwa nayo, maana mwaka ule nilishona sare za shule nzima mpaka macho yakaniuma, na jasho langu lilikuwa ndani ya baiskeli hiyo kabla haijanunuliwa.

Tulikwenda wote kwa fundi. Duka lake ni jembamba kama korido, linanuka gundi na raba, na baiskeli zinaning'inia darini kwa gurudumu la mbele. Aliteremsha mbili, fremu ya aina moja, rangi ile ile ya bluu. Moja ilikuwa ya ringi. Nyingine ilikuwa na kile kisahani cha chuma katikati ya gurudumu, ndiyo diski. Fundi akazimwagia zote maji kwa jagi, akazungusha magurudumu, akaniambia, "Haya mama, bana mwenyewe."

Nikabana. Ya diski ilisimama pale pale. Ya ringi ilizunguka, ikazunguka, ndipo ikakubali.

"Tufungie hii," nikamwambia fundi.

Mume wangu akacheka. "Mke wangu bwana! Ananunua baiskeli kama mtu anayenunua sufuria."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshapanda juu ya ile ya diski. Ameegemeza bega ukutani, anashika breki na kuachia, anashika na kuachia, na uso wake ulikuwa wa mtoto siku ya nguo mpya. Aliitaka. Hilo sikubahatisha, namjua. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Gurudumu la hii linaingia kwenye fremu ya kaka?"

"Haliingii," akasema fundi. "Diski na ringi haviazimani. Kila mtu na lake."

Mume wangu akashuka. Akasema anahitaji kwenda kufikiri kidogo.

Hapo inabidi nieleze habari ya kaka mtu. Shemeji yangu anaitwa Bingwa, na si utani, watu wote wanamwita hivyo mpaka mama yake mzazi. Klabu yao ni ya watu wa kawaida, haina gari la kuwafuata na vipuri. Bingwa akipata pancha kwenye mashindano, lazima mtu asimame, achomoe gurudumu lake, ampe, abaki kando ya barabara akingoja kuokotwa. Mtu huyo ni mume wangu. Ndivyo ilivyokuwa tangu wakiwa vijana wadogo, na hakuna aliyewahi kukaa chini kulijadili. Walikuwa wakifanyia mazoezi sebuleni kwangu, nimesogeza meza: Bingwa anapiga kelele "Pancha!" na mume wangu anaruka, anafungua, anachomoa, anampa. Alikuwa hodari wa jambo hilo. Wakati mwingine alifumba macho kabisa na bado akalichomoa, na kaka yake akampiga piga mgongoni, naye akavimba kwa fahari mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

Jumapili iliyofuata Bingwa alikuja kula. Nilikuwa kwenye cherehani, napindia mikono ya mashati, lakini masikio yangu hayakuwa kwenye mashati.

"Nasikia unanunua chuma kipya," akasema.

"Nafikiria diski, kaka. Kwa ajili ya mvua."

"Diski!" Bingwa akacheka, mdomo umejaa. "Diski za nini, mdogo wangu? Hizo nzito, za watalii. Na mimi nikipata pancha, gurudumu lako nitalifanyia nini, nilikalie?"

"Shemeji," nikasema bila kugeuka, "aliyevunjika bega ni nani hapa?"

"Aa, shemeji, pole. Lakini kuanguka ni sehemu ya mchezo. Yeye apunguze mwendo tu kwenye mteremko, hana haja ya kukimbia." Akamgeukia mdogo wake. "Si kweli? Unakimbilia nini wewe?"

Mume wangu akasema ni kweli.

Siku chache baadaye alikwenda kwa fundi peke yake, akarudi na ile ya ringi. Aliisimamisha ukumbini, akajitia hamnazo, akanisifia hata mchuzi ambao siku hiyo uliungua. Mimi nilinyamaza, na nikiwa kimya watu wa nyumba yangu hujua. Alininong'oneza kwamba atakuwa mwangalifu, atashuka polepole, nisiwe na wasiwasi. Nikamwambia sina wasiwasi, nina hasira, na ajifunze kuvitofautisha.

Mashindano makubwa ya mwaka yalikuja na mawingu. Nilikwenda kungoja mwishoni, nimejifunika kanga kichwani kwa ajili ya manyunyu, pamoja na mama mkwe ambaye kutwa alikuwa akiuliza, "Bingwa yuko wapi sasa? Bingwa yuko wapi?" Bingwa alifika wa kwanza. Watu wakambeba. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, nami nikapiga makofi, sikatai, lakini macho yangu yalikuwa barabarani.

Wangu alifika baada ya wote, amepanda nyuma ya pikapu, amekumbatia ile baiskeli mpya ambayo haina gurudumu la mbele. Ametota. Anatabasamu.

"Kaka ameshinda?" akaniuliza kabla hata hajashuka.

"Ameshinda."

Dereva wa pikapu akanivuta kando. Alikuwa mtu wa makamo, mpenzi wa mchezo. "Mama, mumeo leo alikuwa amewaacha wote," akasema. "Kule kwenye mlima alikuwa peke yake mbele, hakuna wa kumkamata. Kaka yake akapata pancha huko nyuma, akapiga kelele. Huyu akasimama. Halafu, mama, hakungoja afuatwe. Aligeuza akashuka kumpelekea."

Nilimtazama mume wangu akipangusa tope kwenye fremu kwa kiwiko cha shati, nikahisi damu inanipanda kichwani, lakini pale hapakuwa mahali pake.

Wiki iliyofuata Bingwa alituita nyumbani kwa mama mkwe. Sebule ilijaa jamaa na majirani, soda zinapita. Katikati ya zulia, imeegemezwa kwenye stendi yake, palikuwa na baiskeli nyekundu iliyoandikwa jina la kiwanda kimoja kikubwa chenye timu yake, magari yake na mafundi wake. Bingwa amechukuliwa. Chini ya kiti wamemwandikia kabisa, kwa rangi ya dhahabu: Bingwa. Na katikati ya magurudumu, kisahani mbele, kisahani nyuma.

Nilidhani macho yananidanganya. Nikainama nikakigusa.

"Diski, shemeji," akasema Bingwa, kama mtu anayenifundisha. "Siku hizi huwezi kufanya kazi na ringi. Mvua ikinyesha ni hatari."

"Nzuri," nikasema. "Imekukaa sawasawa."

"Imetengenezwa kwa kipimo changu. Mguu, mkono, kila kitu."

"Ulipimwa lini?"

Akanywa soda. "Zamani kidogo. Kutengeneza kunachukua muda."

"Kabla hujaja kwangu kula, ukamwambia mdogo wako diski ni za watalii?"

Mama mkwe akasema, "Mwanangu, leo ni siku ya furaha," lakini mimi nilishavuka huko. Bingwa hakukana. Nampa hilo, hakukana. Alisema mambo ya timu hayatangazwi kabla ya wakati. Alisema mkataba ulikuwa umeshasainiwa, ila kuingia kwenye timu kama mshindi na kuingia kama mtu tu ni vitu viwili tofauti, na mashindano yale yalikuwa bado mbele yake. "Nilihitaji gurudumu mara moja ya mwisho, shemeji. Ni kosa?"

Nikamwambia mbele ya jamaa zake kwamba yeye ni mnyonyaji, na kwamba mfupa wa mdogo wake hauna thamani zaidi kwake kuliko raba ya breki. Ningeendelea. Ni mume wangu aliyenishika mkono akasema, "Kaa, mke wangu. Kaa." Kisha akamwambia kaka yake hongera, na sauti yake haikutetemeka.

Tulipofika nyumbani nilifunga mlango na kumwuliza kwa nini yeye ndiye aliyepaswa kupiga kelele na badala yake akaninyamazisha mimi. Kaka yako ametuuza, nikamwambia. Amekucheza shere, umenunua chuma kisicho na kazi kwa ajili ya mtu aliyekuwa ameshaondoka, na wewe hujui hata kukasirika.

Akakaa kwenye kiti changu cha cherehani. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Fundi aliniambia, siku ile nilipokwenda kununua. Ndiye aliyempima. Akasema, kaka yako mwenyewe anahamia diski, wewe ringi unaing'ang'ania ya nini?"

"Na bado ukachukua ringi?"

"Mashindano yalikuwa bado." Alikuwa akitazama viganja vyake. "Nilifikiri, hii ya mwisho tu. Kule alikokwenda watampa magurudumu watu wa gari, hataniita tena. Nilitaka aniite mara moja zaidi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Hasira yote niliyomjazia Bingwa ilikosa pa kukaa. Mtu huyu aliyajua yote, akaupima mteremko ule, akalipima bega lake, akaupima mlima aliokuwa ameumaliza peke yake, na upande wa pili akaweka kelele moja ya kaka yake, na kelele ikawa nzito.

"Na mimi je?" nikamwuliza. "Mimi nilikuomba jambo moja. Moja tu. Mimi uliniweka wapi?"

Akainua uso, na alikuwa na mshangao wa kweli, kama nimemwuliza paa la nyumba liko wapi.

"Wewe si upo?" akasema.

Alilisema kwa upole. Nadhani aliona ni sifa. Na nilielewa kwamba kwa anayeondoka mume wangu angevunja shingo, na kwa anayebaki hafanyi kitu, kwa sababu anabaki. Nilimchukia pale pale, mimi niliyemlisha kwa kijiko, na sikuona haja ya kumficha.

Asubuhi yake mvua ilinyesha. Alivaa, akashusha baiskeli ngazini, akaniaga, nami nikaendelea kutia uzi kwenye sindano. Nilimsikia akifika kwenye kona ya mtaa, pale barabara inapoanza kuteremka, na breki zikilia kwenye ringi iliyolowa. Sikusimama kwenda dirishani kuangalia kama zimeshika.