Sukari Ilikwama Mtoni

Kamati ya matanga ya Priscah ilikalia benchi la Wangwe, kwenye baraza la duka la Wangwe, ikanywa maji ya mtungi wa Wangwe, kisha ikaamua kwamba vyakula vyote vya mazishi vitanunuliwa Homa Bay.

Wangwe alikuwa nyuma ya kaunta, viwiko juu ya mbao. Alidhani amesikia vibaya.

"Vyote?"

"Vyote, jaduong', mzee wangu," akasema Cephas, naibu wa chifu, bila hata kugeuza shingo. "Sukari, mchele, unga, mafuta. Pale kwa ghala la jumla. Watu wamechanga, na pesa ya mchango haichezewi. Kule bei iko chini."

"Na mimi hapa ni sanamu?"

Kamati ikacheka. Cephas naye akacheka, kisha ndipo akainua macho kuzitazama rafu. "Baba Oliver, usinikasirikie. Hiyo sukari yako hapo juu ni ya nani? Hata sisimizi wakija na wageni wao watalala njaa."

Wakacheka mpaka benchi likalia. Wangwe alitaka kuwaambia wampe nusu tu ya mchango ule, na kabla ya siku ya mazishi rafu zitakuwa zimejaa. Kila mwenye duka Kisegi anajua kwamba matanga makubwa hulifufua duka. Haya yakimpita, hapakuwa na mengine ya kungoja, angefunga. Lakini mtu mzima haombi mbele ya watu wanaomcheka. Akasema jambo lingine.

"Na mvua hii? Ule mto hauna daraja."

"Daraja liko kwa mpango."

"Liko kwa mpango tangu Jedidah akiwa hai."

"Kenta ya mizigo inaenda Ijumaa na inarudi Ijumaa, mzee. Wacha roho ya kununa."

Jedidah alikuwa mke wa Wangwe, naye ndiye aliyekuwa mwenye duka. Alilianza kwa karai moja la dagaa wa omena chini ya jua, mpaka likawa na mlango na kufuli. Jedidah alipima vitu kulingana na mfuko wa mtu. Mche wa sabuni aliukata vipande kwa uzi. Mafuta aliyapima kwa kikombe kidogo cha plastiki, na majani ya chai aliyafunga vijipakiti vya kutosha sufuria moja. Sukari aliipima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, akaiacha ifanye kichuguu juu, kisha akaongeza kiganja kimoja cha bure. Kisha akaugua, akalazwa katika hospitali yenye jengo jipya na rangi mpya, ambayo ndani yake hamkuwa na dawa. Wakubwa walikuwa wamekuja kukata utepe wa jengo, wakapigwa picha, wakala nyama, wakaenda zao. Priscah, jirani yao, ndiye aliyekaa kitandani pa Jedidah mpaka mwisho, akamwosha, akamfumba macho. Wangwe alirudi nyumbani na ufunguo wa duka mfukoni.

Haukupita muda, wakubwa walewale wakakata utepe mwingine, wa ghala la jumla mjini. Maendeleo, walisema. Wangwe alikwenda kujionea. Vitoroli vya mle ndani ni vikubwa kama mikokoteni ya punda, maana hununui sabuni, unanunua katoni. Hununui unga, unanunua beli zima la pakiti. Ukimaliza kulipa, mlinzi anakusimamisha mlangoni akague risiti kama mtu aliyekushika ukiruka ua. Bei ilikuwa chini kweli. Wangwe hakuwa mjinga wa kukataa kinachoonekana. Ila mbele yake kwenye foleni alisimama mwalimu wa Kisegi, jirani yake, naye analipia gunia lilelile kwa bei ileile anayolipa yeye mwenye duka. Sasa amuuzie nani, na aongeze nini juu?

Tangu hapo watu wakawa wanachangishana nauli, wanakwenda pamoja, wanarudi na magunia. Ambao walikuwa wakinunua robo ya sukari wakawa na gunia chumbani. Chai ikawa tamu kupita kiasi. Jirani akaja na kikombe kuomba, na utamnyimaje wakati gunia limesimama pale linakuangalia? Mwezi haukufika mwisho, gunia likawa la kufutia miguu. Hilo hawakulipigia hesabu. Walihesabu walichookoa siku ya kununua, wakajisifu nacho barazani kwake, juu ya benchi lake.

Ijumaa mvua ikanyesha kama iliyotumwa. Kenta ilipakia Homa Bay, ikafika mtoni jioni, ikakuta maji yamefunika mawe ya kuvukia. Dereva akalala ng'ambo. Jumamosi, siku ya mazishi, saa sita alikuwa bado yuko kulekule, na kaka zake Priscah walikwisha kufika kutoka Awendo kwa barabara ya upande wa Migori, wazee wanne na vijana wao, wamekaa chini ya hema wakiangalia. Mwanamke akifia alikoolewa, watu wa kwao huja kuona aliishije huko, na sahani wanayowekewa ndiyo jibu.

Ndipo Cephas akaja dukani mbio, suruali imejaa matope hadi magotini, nyuma yake Caren, mkuu wa wapishi, na wanawake wengine wenye masufuria.

"Fungua, jaduong'! Toa sukari, toa mchele, tutaongea baadaye."

"Ghala lako limefungwa leo?" Wangwe akauliza.

"Huu si wakati wa maneno."

"Ulikuwa wakati wa maneno mlipokuwa mnanicheka hapa. Si sisimizi watalala njaa? Basi nenda ukawaombe radhi sisimizi."

"Omera, ndugu yangu, kuna mtu amelala kwenye jeneza!"

"Namjua kuliko unavyomjua wewe!" Sauti ya Wangwe ikapanda mpaka waliokuwa kwenye hema wakageuka. "Alimfumba mke wangu macho. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa kwenye picha na wakata utepe!"

Alifungua dirisha la duka, akalisukuma likagonga ukuta. Rafu zilikuwa wazi mbele ya kila mtu. Palikuwa na pakiti chache za sukari, chumvi, viberiti na mche mmoja wa sabuni.

Cephas akakodoa macho. "Nyingine umeficha wapi?"

"Nini?"

"Usinichezee. Duka haliwezi kuwa hivi. Umeficha bidhaa ili upandishe bei watu wakiwa na shida. Hilo ni kosa, naweza kukupeleka kituoni sasa hivi."

Wangwe akatoka nje, akamshika Cephas mkono kama anayemwongoza kipofu, akamwingiza chumba cha nyuma. "Tafuta. Wewe ni serikali, tafuta. Inua hilo debe. Angalia chini ya gunia hilo. Umeona mchele? Umeona mafuta? Mlitaka duka likae hapa kama zimamoto, hamlipi hata maji, halafu siku moto ukiwaka mnakuja kupiga kengele! Nyote! Mmeliua nyote, sasa mnalitaka liamke liwapikie!"

"Si sote, Baba Oliver," akasema Caren.

Aliyasema polepole, sufuria kiunoni.

"Mimi sijawahi kufika hilo ghala. Pesa ya gunia nitaitoa wapi? Nikikosa sabuni ya kipande kwako, naikosa. Hao wenye magunia usiwachanganye na mimi."

Wangwe akarudi kwenye kaunta. Kisha akazikumba pakiti zote za sukari kutoka kwenye rafu, akazitia ndani ya sufuria ya Caren, na chumvi juu yake. "Chukua. Wape kaka zake Priscah kwanza. Mimi sitaki kusikia Awendo wakisema alizikwa kama kuku."

Zilitosha chai ya wazee na kidogo ya waombolezaji waliokaa karibu. Wengine walikunywa chai chungu. Nyama ya ng'ombe ililiwa na viazi vya kuazima huku na kule. Kaka mkubwa wa Priscah, mzee mwenye fimbo, alikizungusha kikombe mkononi akauliza kwa sauti, "Na hapa Kisegi hakuna duka?" Wangwe akajibu kutoka nyuma ya hema, "Lilikuwepo, mzee."

Jioni, kaburi limekwisha kufukiwa na wageni wamekwisha kuondoka, mto ukapungua na kenta ikavuka. Magunia ya chini yalikuwa yamelowa. Cephas akaamuru yashushwe barazani kwa Wangwe.

"Tumeongea kama kamati," akasema, na sasa alikuwa na tabasamu. "Tumeona tukuinue. Hii yote iweke dukani, uiuze polepole. Wewe utapata chako kidogo. Hela nyingine mimi nitakuwa napitia kuchukua."

"Nani alinunua sukari hii?"

"Kamati."

"Kamati ina shamba la miwa? Ni mchango wa watu. Caren alichanga. Wajane wamechanga. Na wewe unataka niwauzie tena kitu chao, halafu upitie?"

"Punguza sauti, mzee."

Wangwe hakupunguza. Aliingia ndani, akatoka na gorogoro na kisu, akalipasua gunia la kwanza mbele ya Cephas. "Yawa, jamani! Kila aliyechanga alete chombo! Sukari ya Priscah inagawiwa!"

Walikuja na besheni, na ndoo, na wengine na vitambaa vya kichwa. Wangwe akapima, akaacha kichuguu, akaongeza kiganja, na baada ya sukari mchele, unga na mafuta. Alimpimia Caren mara mbili, na aliyenung'unika alitazamwa mpaka akanyamaza.

"Nitaifuta leseni yako," Cephas akanong'ona sikioni mwake. "Jumatatu hufungui."

"Imebandikwa ukutani. Ibandue wewe mwenyewe, mimi mikono yangu ina sukari."

Cephas hakuibandua, na Jumatatu Wangwe alifungua. Akakaa nyuma ya kaunta tangu asubuhi. Watu walipita wakamsalimia kwa heshima ambayo hakuwa ameiona muda mrefu, wakamwita mwanamume. Wakapita. Kila nyumba ya Kisegi ilikuwa na sukari ya kumaliza mwezi, na ni yeye aliyewapimia. Saa kumi alasiri akafunga dirisha, akatia kufuli, akaondoka bila kugeuka nyuma, akimtukana Cephas, na mto, na wakata utepe wote mmoja mmoja kwa majina yao, mpaka akafika kwake.