Meli ya Kusini

Saa nne asubuhi Elvire alikuwa mbele ya wanafunzi sitini, akiwafundisha jinsi Waingereza walivyowapakia wafungwa wao melini na kuwapeleka Australia, miezi kadhaa majini, wengine kwa kuiba kitambaa tu. Msichana mmoja akauliza kitambaa hicho kilikuwa cha nani. Cha tajiri, akajibu Elvire.

Alasiri alikwenda gerezani na sufuria ya bugari na maharagwe, kwa sababu huko asiyeletewa chakula na ndugu zake hulala njaa. Pontien, mdogo wake, fundi wa redio, alikuwa na mwaka wa pili ndani bila kumwona hakimu. Alikamatwa akiwa na bidoni moja ya petroli wakati nchi ilipowekewa vikwazo vya mafuta, siku zilezile ambapo magari ya wakubwa wa mtaa wa Kinindo hayakukosa mafuta hata mara moja.

Mlinzi alipitisha kidole kwenye daftari, akasema Pontien amehamishwa pamoja na wafungwa wengine, kuelekea kusini. Barabara ya kusini ilikuwa na vita, kwa hiyo wangepitishwa ziwani.

Elvire alikimbia hadi bandarini, mchuzi ukimwagikia kitenge chake. Wanaume kama arobaini, wamefungwa kamba wawiliwawili, walikuwa wakipandishwa kwenye meli ya mizigo, juu ya magunia ya saruji. Ofisa alimzuia.

"Madame, we uko na karatasi?"

"Ndugu yangu hajahukumiwa. Munamupeleka wapi?"

"Ile si kazi yako. Liste iko kwetu."

"Basi unisomee jina yake."

Ofisa aliikunja orodha, akaitia mfukoni.

Elvire akaweka sufuria chini, akatoa daftari lake, akaanza kumuuliza kila aliyepita jina lake na kwao. Aliamriwa aondoke, aliendelea kuandika.

"Mi Mohamadi," mzee mmoja alisema. "Niliiba ndizi. Bibi yangu, mama ya watoto wangu, iko Buyenzi, avenue ya kumi. Hajue kitu."

Pontien alikuja karibu na mwisho wa msururu, amekonda, shingo kama ya mtoto. Dada yake alipomshika mkono, aliutoa taratibu.

"Mi unanijua, dada. Andika hawa wengine."

Aliandika majina ishirini na matatu kabla ofisa hajampokonya daftari na kulitupa majini. Meli ikaondoka jua likikaribia kuzama.

Elvire alibaki pale kidogo, akiyarudia majina ili asiyasahau. Kisha, ingawa saa ya amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa imekaribia, akashika njia ya Buyenzi kwa miguu, kuitafuta avenue ya kumi.